Wavushaji wa Sio na Malaba

Mvua ikinyesha alasiri juu ya Mlima Elgon, mkulima wa Tororo anaweza kuwa bado anaanika mtama juani. Mto humfikia usiku. Malaba, ambao mchana ulivukwa kwa kukunja suruali tu, hupanda kwa saa chache, hugeuka rangi ya udongo na kubeba migomba na magogo. Wengi huogopa kina, lakini wanaojua mito huogopa zaidi gogo lililonasa chini. Maji hupita katikati ya matawi yake, mtu hapiti. Na kadiri mkondo unavyomsukuma ndivyo anavyozidi kubanwa pale. Wapiga makasia wa kayaki hufundishwa jambo hilo siku za mwanzo kabisa. Wavushaji wa mpaka wa Kenya na Uganda walilijua kabla kayaki ya kwanza haijaonekana Uganda.

Mito inayohusika hapa ina tabia mbili. Sio huanzia kwenye miinuko iliyo chini ya Elgon upande wa Kenya, ukateremka hadi Ziwa Victoria karibu na Sio Port, na mwisho wake ni wa polepole, katikati ya mafunjo. Malaba hupita kando ya Tororo, huitwa Mpologoma mbele ya safari, kisha huingia Ziwa Kyoga. Ajabu ni kwamba maji ya Sio nayo hufika Kyoga, ila kwa kuzunguka: huingia ziwa kubwa, hutokea Jinja na kuteremka na Nile. Kwa hiyo matone mawili yaliyoanguka bonde kwa bonde huweza kukutana tena mamia ya kilomita mbele, moja likiwa limepitia maporomoko na jingine vinamasi.

Katika karne ya 19 njia ya misafara ilipita papa hapa. Waswahili wa Pangani na Mombasa walipumzika kwa Wanga, mahali palipokuja kuitwa Mumias, na aliyetaka kuendelea hadi Busoga na Buganda alikutana na mto Nzoia kwanza, kisha Sio, kisha kinamasi baada ya kinamasi. Joseph Thomson, Mskoti aliyeingia bara akiambatana na msafara wa Jumbe Kimameta wa Pangani, alilifikia ziwa upande wa Samia mwezi Desemba 1883. Vitabu vya wasafiri kama yeye vimejaa majina ya machifu na vipimo vya milima. Aliyeshika upondo kwenye mtumbwi hatajwi, ingawa bila yeye mzigo wa shanga na nguo ungeishia majini.

Kazi ya mtu huyo ilianza kabla ya mtumbwi kusukumwa. Alitazama maji: mahali yanapokunjamana kuna jiwe chini, mahali yanapotulia ghafla ukingoni pana shimo au mkondo unaorudi nyuma. Aliingia mtoni juu zaidi ya mahali alipokusudia kutua, akauacha mkondo umpeleke huku akielekeza tu. Abiria walikaa chini, mizigo mizito katikati, na ng'ombe waliogelea ubavuni vichwa vikiwa vimeshikwa. Jioni, kiboko anapotoka majini kwenda kula majani, hakuna aliyekatiza kati yake na mto. Mtumbwi wenyewe ulikuwa gogo lililochongwa, wenye kuyumba kwa urahisi. Usalama ulikaa kichwani mwa mvushaji na katika haki yake ya kusema leo hatuvuki.

Kwa muda mfupi ilionekana kama nchi hii ingekuwa lango kuu la Uganda. Wapimaji wa reli wa mwaka 1891 na 1892, chini ya Kapteni Macdonald, walilenga ghuba iliyo mbele ya Port Victoria, katika Kaunti ya Busia ya leo. Mwaka 1895 Kapteni Sclater naye alianza kukata barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Kibwezi kuja upande huu. Baadaye wahandisi walipata njia fupi zaidi, reli ikaishia Kisumu mwezi Desemba 1901, na Port Victoria ikabaki na wavuvi wake.

Pigo kubwa kwa wavushaji lilikuja kwa karatasi. Hadi Machi 1902 kingo zote mbili za Sio zilikuwa Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuukabidhi kwa himaya ya jirani, ile iliyokuja kuwa Kenya, na amri ya mwaka 1926 ikaeleza mstari wenyewe: kutoka mdomo wa Sio kupanda na mto hadi unapoingia Sango, kisha upande wa Alupe, kisha Malaba, kisha Lwakhakha hadi vileleni Elgon. Sehemu ya nchi kavu ni fupi, na ndiko mji wa Busia ulikokaa. Kwingine kote mpaka ni maji. Wasamia wakawa na ndugu zao ng'ambo katika dola nyingine, Wateso vilevile.

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba hapo ndipo mito hii ilipozidi kuua, ingawa maji hayakuongezeka hata debe moja. Kivuko kizuri kwa desturi ni kimoja au viwili katika mwendo mrefu wa mto: kipana, chenye changarawe, kisicho na magogo chini yake. Askari wa forodha pia huona kwamba hapo ndipo pa kusimama. Mwenye mzigo usio na karatasi hana budi kutafuta pengine, mahali pembamba penye miti iliyoinama, tena usiku, na mvushaji anayelipwa kwa kukimbizana na saa hawezi tena kusema leo hatuvuki.

Ushahidi mkubwa ni kahawa. Julai 1975 baridi kali iliangamiza mibuni ya Brazil, bei ikapaa duniani kote, huku wakulima wa Uganda chini ya Idi Amin wakilipwa shilingi zisizonunua kitu. Magunia yakaanza kuteremka Elgon kwenda Kenya. Soko la Chepkube, upande wa Bungoma, likavuma mwaka 1976 na 1977 kama mahali ambapo maskini aliweza kutajirika kwa msimu mmoja. Katikati ulikuwa Lwakhakha, mto wa mawe yenye utelezi. Gunia la kahawa la kawaida lina kilo 60. Mtu akiteleza nalo mgongoni gizani, kamba ikiwa imefungwa kifuani, hana nafasi ya kulitupa. Kwenye Ziwa Victoria, Amin aliunda kikosi cha kupambana na magendo kilichoongozwa na mshauri wake, Bob Astles, na wavuvi waliovuka na shehena wakajifunza kuogopa boti kuliko dhoruba.

Kilomita mia na ushee magharibi, mambo yaligeuka kichwa chini. Tangu katikati ya miaka ya 1990 wageni walianza kulipa fedha nzuri ili wapelekwe kwenye maji makali ya Nile pale Jinja, kwa boti za mpira na kayaki. Bwawa la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, lilizamisha sehemu ya maporomoko hayo, na la Isimba mwaka 2019 likameza mengine. Taratibu za waongozaji wa safari hizo zingemfurahisha mvushaji wa zamani: kofia ngumu na jaketi ya kuokolea maisha kabla ya kugusa maji, waokoaji ndani ya kayaki wakitangulia na kusubiri chini ya kila poromoko, na anayeanguka kuambiwa aelee chali, miguu mbele, asijaribu kusimama ili mguu usinase kati ya mawe. Vijana wa vijiji vya kingoni wamekuwa waongozaji hodari wa kazi hiyo.

Vifaa navyo vina kikomo. Hendri Coetzee, mwongozaji wa Afrika Kusini aliyefanya kazi miaka mingi kwenye Nile, alivutwa na mamba kutoka kwenye kayaki yake katika mto Lukuga, mashariki mwa Kongo, mwezi Desemba 2010.

Huku Busia, jaketi za kuokolea maisha bado ni chache mno kwa wanaozihitaji. Nzoia unapofika Budalang'i huwa umekusanya mvua ya kutoka Cherangani hadi Elgon, na matuta yaliyojengwa kuuzuia yamebomoka mara kwa mara, ikiwemo mwaka 2003 na 2008. Daraja la Sigiri, kwenye mto huohuo, lilikusudiwa kuwaondoa watu kwenye mitumbwi, baada ya baadhi yao kufa maji. Liliporomoka tarehe 26 Juni 2017 kabla ya kukamilika, siku chache baada ya Rais Uhuru Kenyatta kulikagua. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964, na wakati huohuo mpaka ulikuwa umefungwa kwa abiria kwa sababu ya korona. Njia za panya hazikufungwa.

Jaribio lililokaribia zaidi ujuzi wa kale wa kusoma maji mapema lilifanyika Butaleja, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Tororo hadi mwaka 2005. Mto Manafwa hufurika huko kabla ya kumwaga maji yake Mpologoma. Mwaka 2014 Tume ya Mawasiliano ya Uganda na shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, walifunga ving'ora viwili vinavyotumia umeme wa jua, kimoja katika Shule ya Msingi Namulo. Lengo lilikuwa kwamba maji yakipanda, king'ora kilie, na watu wahamie juu na mifugo yao.