Matembezi ya Fungate Karagwe: Njia ya Misafara ya Zamani



Tukiulizwa msitu, sisi watu wa Unguja jibu letu ni Jozani. Leo twende mbali, mpaka Kagera, kata ya Bugomora wilayani Kyerwa. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi 2012, na mwaka 2019 huko zikatangazwa hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Ni nchi ya vilima, nyasi na miti, na Mto Kagera ukipita. Anayetaka fungate isiyo na makelele atapata pa kutembea taratibu na mwenziwe.

Lakini jueni kuwa nchi ile inatujua sisi zamani. Karne ya 19 misafara kutoka pwani yetu ilipita Tabora ikafika Karagwe, na wafanyabiashara wakaweka makao Kafuro. Walipeleka nguo, shanga na nyaya za shaba, wakarudi na pembe za ndovu. Mfalme wa huko alikuwa Rumanyika, yule aliyempokea Speke mwishoni mwa 1861. Hifadhi imebeba jina lake.

Katika wafanyabiashara hao alikuwemo Ahmed bin Ibrahim. Mwaka 1844 alifika Buganda kwa Kabaka Suna II. Inasimuliwa kuwa alipoona watu wanauawa kwa amri ya Kabaka, alisimama mbele yake akamwambia kwamba watu wale wameumbwa na Mungu, na Kabaka mwenyewe kaumbwa na Mungu huyo huyo. Neno la Uislamu likaanza kusikika katika ikulu ile. Stanley alimkuta Kafuro mwaka 1876, bado yuko bara.

Na upande wa pili tusiufiche. Biashara ile ile ilinunua na kuuza binadamu, wanawake na watoto wakiwemo. Pembe zilibebwa mabegani, safari ya miezi. Wengi waliopita njia zile hawakupita kwa hiari yao. Kwa hiyo wewe unayetembea leo umeshikana mkono na mume wako wa halali, hiyo ni neema. Ishukuru, na waombee dua waliotangulia.

Wala usidhani matembezi ni mambo ya kizungu. Mtume (s.a.w.) safarini aliwaambia maswahaba watangulie, akashindana mbio na Bi Aisha (r.a.). Mara ya kwanza Bi Aisha alishinda, na siku nyingine Mtume akamshinda. Mapenzi ya ndoa yana nafasi yake ya kucheza, faragha na kwa staha.

Mkienda, chukueni kiongozi wa hifadhi, maana wanyama wapo. Vaa baibui jepesi na viatu vya kufunga, na mswala usiusahau. Ukisujudu chini ya miti ile, kumbuka kwamba miti nayo inamsabihi Mola wake.

Allah azijaalie ndoa zenu utulivu, mapenzi na huruma. Amin.