Vumbi la Manjano

Peugeot 504 ya guka imekaa chini ya mparachichi kule Nakuru kwa miaka mingi. Ni ile ndefu ya safu tatu za viti, zile zilizokuwa zikikimbiza abiria kati ya Nakuru na Nairobi kabla Nissan hazijatawala barabara. Mwili wake ni wa samawati, rangi ya kiwandani, haijawahi kupigwa nyingine. Lakini ukipitisha kiganja juu ya paa, linakukwaruza kama ulimi wa paka. Na ukiinama jioni jua likiwa chini, unaona nukta za manjano, maelfu, kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma.

Guka alipofariki mwaka jana, anko alipata mnunuzi. "Tutapiga sprei mwili mzima, iwe rangi moja," akasema.

"Anko, nipe wiki moja kwanza."

Akaniangalia vile watu wa kwetu huniangalia tangu niache chuo. Nilikuwa nasoma historia. Karo ikanishinda mwaka wa tatu. Mtu ambaye hakumaliza digrii, atamaliza gari? Lakini akakubali. "Wiki moja. Na usiiharibu."

Nilianza na swali nililofundishwa kuuliza: hizi nukta zilifika hapa lini?

Uchaguzi wa Desemba 2002 ulileta serikali mpya, na John Michuki akawa waziri wa uchukuzi. Kufikia mwisho wa 2003 alikuwa ametoa kanuni ambazo Wakenya bado huziita kwa jina lake. Kuanzia tarehe 1 Februari 2004, kila gari la abiria lilitakiwa kuwa na mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, dereva na makanga wenye sare, na mstari wa manjano kuzunguka mwili. Michoro ya matatu ikafunikwa. Ilibidi kungoja hadi 2014, Rais Uhuru Kenyatta aliporuhusu graffiti irudi.

Tukisimulia habari hiyo, tunasimulia matatu za Nairobi na michoro yake. Peugeot ya guka haikuwa na mchoro wowote. Ilikuwa na foleni tu. Mathe anakumbuka Januari hiyo: magari yamepangana nje ya gereji hadi barabarani, mafundi wanafanya kazi usiku na mchana. Zamu ya guka ilifika jioni. Fundi alifunika vioo kwa magazeti, paa akaliacha wazi, akawasha kompresa. Upepo ukafanya mengine. Guka alilipa, akashukuru, kesho yake akarudi kazini.

Kumbe hata bunduki ya rangi ina historia ya haraka. Babu yake ni kifaa cha hospitali. Mwaka 1888 daktari Allen DeVilbiss, wa Toledo, Ohio, alikuwa akiuza kichupa cha kupulizia dawa kooni. Mwanawe Thomas akachukua wazo hilo, na mwaka 1907 akatengeneza bunduki ya kupulizia rangi. Wakati huo gari lilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kungoja likauke kulichukua wiki nzima au zaidi. Katika miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ikaleta Duco, rangi inayokauka haraka sana, na viwanda vya magari vikapumua. Lakini rangi iliyopasuliwa na hewa haiendi yote unapoielekeza. Nyingine hupaa, hukaukia njiani, hutua penye haina ruhusa.

Na hapo ndipo tumaini langu lilipokuwa. Rangi ya kiwandani ilishikana na chuma na kupikwa kwa joto. Tone lililokauka hewani halina nguvu hiyo. Limekaa juu tu. Haraka iliyoleta vumbi ndiyo iliyofanya liweze kutoka.

Fundi mmoja alinishauri nitumie thina. Nikakataa, kwa sababu thina haiulizi rangi ipi ni ya nani. Huyeyusha mgeni na mwenyeji. Nilinunua udongo wa magari, kidonge laini kama plastisini. Ni wazo kutoka Japani, na Tadao Kodate alipata hataza yake Marekani katika miaka ya 1990.

Kazi yenyewe ni ya subira. Osha gari kwanza, maana mchanga ukibaki utachora mistari. Vaa mfuko wa nailoni mkononi upapase: vidole vitasikia vijipele ambavyo macho hayaoni. (Mifuko ilipigwa marufuku 2017, kwa hivyo nilitumia karatasi ya mkate.) Lowesha sehemu ndogo kwa maji ya sabuni, sugua udongo polepole, bila kukandamiza. Ukigeuka wa manjano, ukunje upate uso safi. Ukianguka chini, tupa, hata kama roho inauma. Kwenye vioo tu unaweza kutumia wembe, na kioo kiwe kimelowa. Mwishoni ni polishi na nta.

Siku ya tano niliufikia mstari wenyewe. Karibu nao, kama upana wa kiganja, udongo haukuondoa kitu. Hapo rangi ilitua ikiwa mbichi, ikashika. Ningeendelea kusugua ningetoboa samawati. Nikaacha.

Anko alikuja Ijumaa. Akavaa ile karatasi ya mkate, akapapasa paa, akazunguka gari kimya. Akasimama kwenye mstari.

"Na huu?"

"Huo si vumbi, anko. Guka aliulipia. Na gari lilikula miaka yake ya mwisho barabarani kwa sababu ya huo."

Hakujibu. Akaenda hadi mlango wa nyuma, akaupapasa, akatoa mkono haraka.

"Hapa bado."

"Bado."

"Mnunuzi anakuja kesho." Akavua karatasi, akanirudishia. "Nitamwambia angoje. Maliza."