Bagamoyo na Wabeba Mizigo Wake

Mji wa Bagamoyo, ulioko kiasi cha kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, huwavuta vijana wanaosafiri kwa gharama ndogo, wenye shanta mgongoni, na si wachache kati yao wanaoondoka wamevunjika moyo, kwa sababu walitarajia bahari ya kuogelea kama ile ya Nungwi kisiwani Unguja, wakakuta maji ya kina kifupi ambayo wakati wa kupwa hurudi nyuma mbali na kuyaacha majahazi yamelala ubavu juu ya mchanga na tope. Malalamiko yao yana msingi. Hata hivyo, ufuo huo unaomchosha mgeni ndio uliouinua mji, na msafiri mwenye mzigo aliyefika hapo asipate alichokitumaini si mtu mpya katika historia ya pwani hiyo.

Kwa manahodha wa karne ya 19, uhaba wa kina haukuwa kasoro, kwa kuwa jahazi, tofauti na meli, huweza kupwelewa mchangani bila kuvunjika, likapakuliwa na wachukuzi wanaotembea majini, kisha likaelea tena maji yanapojaa. Unguja, wakati huo makao ya Sultani na soko kuu la pembe za ndovu, iko ng'ambo tu, na Kaole, mji mkongwe wa jirani ambako wavumbuzi Waingereza Richard Burton na John Speke waliteremkia mwaka 1857, ulikuwa umekwisha kufifia. Hivyo Bagamoyo ikawa mwanzo na mwisho wa njia kuu ya Unyanyembe, yaani nchi inayozunguka Tabora ya leo, ambako bidhaa za pwani kama merikani (kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka), shanga na waya wa shaba zilipelekwa ili pembe zirudi. Wageni huelezwa mara nyingi kwamba mji huu ulikuwa bandari ya watumwa. Biashara hiyo ovu ilikuwapo kweli na haifai kupunguzwa uzito, lakini wengi wa waliobeba mizigo ya misafara walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi na Wasukuma, waliofanya kazi kwa ujira na kujivunia ustadi wao, na kuwahesabu wote kuwa watumwa ni kuwanyang'anya hata kile walichokipata kwa miguu yao wenyewe.

Ustadi huo ulikuwa halisi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi, kama alivyoitwa mbebaji wa safari ndefu, ulikaribia frasila mbili, na kwa kuwa frasila ni kipimo cha ratili 35, jumla yake ilikuwa takriban kilo 32, mbali na silaha, chungu na mkeka wake mwenyewe. Burton alieleza jinsi mtumba wa nguo ulivyoviringishwa na kukazwa hadi ukawa mgumu kama gogo, kisha ukatiwa ndani ya matawi matatu au zaidi yaliyokatwa chini ya panda yakingali yameshikana, yakamenywa magome na kufungwa kwa kamba upande ulio wazi, ili mzigo usifumuke begani. Kwa mzigo wa namna hiyo mpagazi alitembea miezi miwili, mitatu au zaidi kati ya pwani na Unyanyembe, akiongozwa na kirangozi, mtu aliyetangulia mbele ya msafara na kuijua njia.

Huko pwani ndiko mambo yalikoharibika. Nyumba za mawe zilikuwa za wakubwa na matajiri, wakiwamo Wahindi waliokopesha mitaji, wakati wapagazi walijijengea vibanda vya nyasi pembezoni mwa mji, wakasubiri msafara wa kuwarudisha bara huku waungwana wakiwaita washenzi na maradhi yakiwapukutisha. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu wengi mno hata mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyefika mwanzoni mwa Februari 1871, alikaa zaidi ya wiki sita akitafuta wapagazi, na kundi lake la mwisho likaondoka tarehe 21 Machi. Vitabu vya safari vimejaa manung'uniko ya Wazungu waliocheleweshwa, ilhali waliochelewa zaidi, na kwa hasara kubwa zaidi, hawakuandika kitabu.

Hakuna tukio linaloonyesha jambo hili kwa uchungu kuliko lile la Februari 1874, wakati James Chuma, Abdullah Susi na wenzao walipofika Bagamoyo na maiti ya bwana wao, mmisionari na mvumbuzi David Livingstone, aliyefariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kwenye Zambia ya leo. Walikuwa wameibeba maiti hiyo kwa miezi mingi, kwa hiari yao, katika nchi ambazo kupita na maiti kungeweza kuwaletea vita. Pwani walipokewa, wakalipwa mishahara yao, wakaachishwa kazi. Kati yao, Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na mwili hadi mazishi ya London tarehe 18 Aprili, na Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye, kaburi likiwa limekwisha kufunikwa.

Kuanguka kwa mji kulitokana na bahari ileile. Wajerumani, baada ya kuivunja nguvu vita ya watu wa pwani dhidi yao iliyoongozwa na Bushiri bin Salim mwaka 1888 na 1889, walihitaji bandari ambayo meli zao zingeweza kutia nanga karibu na nchi kavu, na mwaka 1891 wakahamishia makao makuu ya serikali Dar es Salaam. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka huko mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kila kituo kilichofunguliwa kiliipunguzia Bagamoyo sehemu ya misafara yake. Sehemu kubwa ya kazi ya kuchimba tuta na kulaza mataruma ya reli hiyo ilifanywa na Wanyamwezi.