Nani Mwenye Mlango?

Hapa kwetu ukitaja gereji, mtu anafikiria mafundi, spana na oili chafu. Marekani ni habari nyingine. Kule gereji ni chumba cha gari, mara nyingi kimeshikana na nyumba, na familia nyingi huingia nyumbani kwa mlango huo kila siku kuliko mlango wa mbele. Kwa hiyo historia ya mlango wa gereji si historia ya chuma na springi tu. Ndani yake kuna swali ambalo halijaisha hadi leo: nani anashika ufunguo?

Mwaka 1921 C. G. Johnson alibuni mlango unaopanda juu darini badala ya kufunguka kwa bawaba. Mwaka 1926 akaongeza mota ya umeme, ili hata asiye na nguvu aweze kuufungua. Unabonyeza kitufe ukutani, mlango unapanda. Siri ya kitufe hicho ni nyepesi mno: waya mbili. Zikigusana kidogo tu, mota imepata amri. Zikumbuke waya hizo, tutazikuta tena mbele.

Kisha ikaja redio. Dereva akawa hana haja ya kushuka garini mvua ikinyesha. Anabonyeza rimoti, mambo yanakwisha. Lakini rimoti za mwanzo zilirusha wimbi lisilo na jina la mwenyewe. Jirani akifungua kwake, na kwako kunafunguka! Mafundi wakaweka swichi ndogo ndani ya rimoti ili kila nyumba ichague namba yake. Swichi 8 zinatoa namba 256, swichi 12 zinatoa 4,096. Ahueni kidogo. Tatizo ni kwamba namba yenyewe ilikuwa ile ile leo na kesho, na mwizi mwenye kifaa cha kunasa mawimbi aliweza kuiiba na kuirudia. Mwaka 2015 mtaalamu Samy Kamkar alichukua kitoyi cha watoto kilichotengenezwa na Mattel, akakirekebisha, akaonyesha kuwa kinaweza kujaribu namba zote za milango ya aina hiyo kwa muda usiofika sekunde 10. Kitoyi, bwana!

Dawa yake ilikuwa imeshapatikana zamani, tena barani kwetu. Miaka ya 1980, katika kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini, Gideon Kuhn alibuni njia ya kuficha namba iliyoitwa KeeLoq, na Willem Smit akaigeuza kuwa chipu. Rimoti na mashine zinahesabu pamoja. Kila ukibonyeza inatoka namba mpya, na iliyokwisha kutumika haikubaliwi tena. Mwaka 1995 kampuni ya Microchip ya Marekani ikainunua teknolojia hiyo. Haikuwa ngome ya milele, maana mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Bochum, Ujerumani, walionyesha namna ya kuivunja. Hata hivyo wazo la namba inayobadilika lilibaki.

Hapo swali letu likageuka. Mwizi alikuwa amezuiwa, lakini je, mwenye nyumba naye? Kampuni ya Skylink iliuza rimoti ya kufungua milango ya Chamberlain. Chamberlain ikaenda mahakamani, ikadai kwamba sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998 imevunjwa. Tarehe 31 Agosti 2004 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaipa Skylink ushindi. Kwa lugha ya mtaani: mtu aliyenunua mlango ana haki ya kuufungua, hata kwa rimoti ya kampuni nyingine.

Wakati huohuo nyumba nzima ilikuwa inajifunza kutii amri. Mwaka 1975 kampuni ya Pico Electronics, mjini Glenrothes, Scotland, ilibuni X10, mfumo unaopitisha amri ndani ya nyaya zilezile za umeme wa nyumba. Ukawasha taa ya chumbani ukiwa sebuleni. Baadaye ikaja intaneti, zikaja simu, na mlango wa gereji ukaunganishwa pia. Ila sasa amri haikutoka kwako kwenda mlangoni moja kwa moja. Ilipitia kwanza kwenye kompyuta za kampuni, huko mbali.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Chamberlain ilifunga njia ambayo programu za watu wengine zilitumia kufikia mfumo wake wa myQ. Ilieleza kwamba watumiaji hao ni wachache lakini wanaleta msongamano mkubwa. Desemba mwaka huo mradi wa Home Assistant ukauondoa muunganisho huo. Mahakama ilisema mlango ni wako. Kompyuta ya mbali haikuulizwa.

Watu walifanyaje? Walirudi kwenye waya mbili! Rilei ndogo inazigusanisha kama kidole, na swichi ya sumaku kwenye fremu inasema kama mlango umefunga au la. Pale mashine mpya zilipokataa ujanja huo, wengine walifungua rimoti na kulehemu waya kwenye kitufe chake.

Lakini uhuru huo una deni lake. Watoto waliwahi kufa wakibanwa na milango hii, ndipo sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ikaamuru kwamba mashine zote za nyumbani zitakazotengenezwa kuanzia Januari 1993 ziwe na kinga ya kuzuia kubana mtu, kama vile jicho la mwanga karibu na sakafu. Anayefunga mlango akiwa mbali haoni nani amekaa chini yake. Mwenye kuunganisha waya zake asiliguse jicho hilo, na aweke taa na kengele ya onyo kabla mlango haujashuka.

Mageti ya umeme yanazidi kuonekana katika miji yetu, mahali ambapo zamani honi na askari vilitosha. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: kampuni ikifunga kompyuta zake kesho, geti langu litafunguka?