Sonona si huzuni tu

Kitenzi “sononeka” tunakijua: ni kuumia moyoni kwa jambo lililotupata. Katika hospitali na redio za Tanzania, nomino “sonona” imepewa kazi mahsusi ya kutaja ugonjwa.

Huzuni ya msiba huja na kuondoka, na mfiwa bado huweza kucheka na wageni. Sonona hukaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi. Huondoa hamu ya mambo aliyoyapenda mtu, huvuruga usingizi na ulaji, humjaza uchovu na hatia. Wengine hufikia kuwaza kujiua. Msongo wa mawazo nao ni shinikizo la shida. Unaweza kuchangia sonona, lakini si sonona yenyewe.

Basi tuseme “ana sonona” kama tusemavyo “ana malaria”, wala si “anajiendekeza” au “ana wazimu”. Sonona inatibika kwa ushauri nasaha, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Nasi waandishi tusilitumie neno hili kwa mashabiki ambao timu yao imefungwa. Wagonjwa wanalihitaji likiwa na uzito wake kamili.