Gulio Ndani ya Kanisa

Mwaka huu, ilipotangazwa kwamba vikapu, mikeka na vyungu vya akina mama vitauzwa ndani ya kanisa letu siku za jubilei, palitokea maneno mengi. Wazee wengine walitukumbusha jinsi Bwana wetu alivyozipindua meza za wavunja fedha Hekaluni. Mimi mwalimu nalitakiwa nijibu, nami nikaona heri niwape habari za kale kuliko kubishana.

Katika mji wa London, mahali paitwapo Smithfield, liko kanisa la Mtakatifu Bartolomayo. Lilianzishwa mwaka 1123 na Rahere, mtu wa nyumba ya mfalme Henry wa Kwanza. Husimuliwa ya kuwa alikwenda Roma kuhiji, akaugua sana, akaweka nadhiri kwamba akipona atawajengea maskini hospitali. Akapona, akajenga hospitali na nyumba ya watawa pamoja. Mwaka 1133 mfalme aliwapa watawa hao ruhusa ya kufanya gulio kila mwaka, penye sikukuu ya Mtakatifu wao mwezi wa Agosti. Wauza nguo wakaja na majora yao, wakatandaza bidhaa uani mwa watawa, karibu na kuta za kanisa. Hata leo njia iliyo kando yake yaitwa Cloth Fair, yaani gulio la nguo.

Lakini yaliyofuata ndiyo ya kutazamwa sana. Mwaka 1539 mfalme Henry wa Nane aliivunja nyumba ile ya watawa. Sehemu ndefu ya kanisa ikabomolewa, na sehemu ya kwaya ikaachiwa Wakristo wa mtaa; mahali pengine pakauzwa. Hata zikapita siku nyingi, mhunzi akawa na tanuru lake katika mkono wa kaskazini wa kanisa. Katika kanisa dogo la Bikira Mariamu palikuwa na kiwanda cha chapa, na mwaka 1725 kijana Benjamin Franklin, aliyekuja kuwa mtu mkuu wa Marekani, alifanya kazi humo. Baadaye pale pale palitengenezwa matamvua. Fikirini, walimu wenzangu: padre yu katika sala, na nyundo inalia ng'ambo ya ukuta!

Hapo niliona tofauti. Gulio la watawa lilikuwa na siku zake, na wenye kanisa ndio walioliita, ingawa mwishowe liligeuka la ulevi na fujo, likakomeshwa mwaka 1855. Mhunzi hakuitwa na kanisa. Wala simlaumu, alikula kwa jasho lake; nawalaumu waliopauza mahali pale. Wakristo walitaabika kupanunua tena, na kanisa dogo lile halikufunguliwa kwa sala mpaka mwaka 1897.

Kwetu Unguja mambo yalikwenda kinyume. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini likawekwa papo hapo. Askofu Steere amezikwa nyuma ya madhabahu yake, kama Rahere alivyozikwa kando ya madhabahu ya Smithfield.

Basi meza zetu ziliwekwa kutoka mlango wa magharibi hata penye birika la ubatizo, zisipite hapo. Mzee mmoja hajakubali hata sasa. Alisimama nje ya mlango, akamtuma mjukuu wake amnunulie kikapu.