Tafakuri ya Kikristo katika Pwani Isiyo na Kanisa

Mwaka 2008 wanamgambo walioushika mji wa Kismayu, kusini mwa Somalia, walibomoa kanisa la zamani la Wakatoliki, na kabla mwaka haujaisha wakayageukia makaburi ya masheikh wa Kisufi. Matukio haya huelezwa mbalimbali: la kwanza kama dhuluma kwa Wakristo, la pili kama ugomvi wa Waislamu wenyewe kwa wenyewe. Napendelea kuyasoma pamoja. Sababu zilitofautiana, lakini mji ulipokonywa kitu cha namna moja, yaani mahali pa kutulia mbele ya Mungu. Tafakuri ya Kikristo basi ina maana gani pale ambapo kanisa halipo na majirani karibu wote ni Waislamu?

Historia ya misheni huko si ndefu. Walutheri wa Uswidi walianza kazi Kismayu mwaka 1896. Waingereza walipoiachia Italia Jubaland, eneo lenye mji huo, mwaka 1925, Waswidi hao walidumu miaka kumi tu, wakafukuzwa mwaka 1935. Wabajuni, wavuvi Waislamu wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, walibaki na maulidi yao na dhikiri zao.

Tukirudi kwenye tafakuri, wanaoandika juu ya uzingativu (mindfulness) siku hizi huanzia kwa Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo yake Massachusetts mwaka 1979 kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Sina ugomvi na tiba hiyo. Ugomvi wangu ni na makanisa yanayoichukua nzima nzima, yakabandika aya ya Zaburi juu yake, kisha yakaiita sala. Hapo utulivu umegeuka kuwa shabaha. Mvuvi wa Kibajuni angeshangaa. Wazee wake walivua kasa kwa chazo, samaki mwenye kinyonyeo kichwani. Chazo hufungwa kamba mkiani na kuachiwa karibu na kasa, naye hujibandika kwenye gamba. Kuanzia hapo mvuvi hana jingine ila kamba iliyo mkononi: akivuta kwa pupa, chazo huachia; akilegeza mno, kasa humpotea. Utulivu anao, tena mwingi, lakini hakuutafuta. Anamtafuta kasa. Mapokeo ya Kikristo, tangu watawa wa jangwa la Misri, yako upande wa mvuvi huyu: moyo hutulizwa ili umwelekee Mwingine.

Na huyo Mwingine hukumbukwa pia na jirani. Charles de Foucauld, askari Mfaransa aliyekuwa ameiacha imani, alizuru Moroko mwaka 1883 na 1884. Kuwaona Waislamu wakiishi daima mbele ya Mungu kulimtikisa, na mwaka 1886 akarudi kanisani. Maisha yake ya sala aliyamalizia Tamanrasset, ambako aliuawa mwaka 1916. Wanaohofia kwamba dhikiri ya jirani itaichafua sala yao wangefaa kuanza na habari hii.

Mfuasi wa Foucauld aliye karibu zaidi nasi ni Annalena Tonelli, Mwitalia aliyesomea sheria akafika Kenya mwaka 1969, kisha akahamia Wajir. Wafugaji wenye kifua kikuu walikuwa wakiacha dawa njiani mara tu wanapopata nafuu. Kuanzia mwaka 1976 aliwaweka katika manyatta kando ya mji, akawaangalia wakimeza vidonge mbele ya macho yake, siku baada ya siku, hadi matibabu yaishe. Mtindo huo baadaye ulienezwa na Shirika la Afya Duniani. Hukohuko Wajir alikuwa na makao ya upweke ya kusalia. Baada ya askari wa Kenya kuwaua Wasomali wengi Wagalla, karibu na Wajir, Februari 1984, alishughulika na majeruhi na maiti, na mwaka uliofuata akalazimika kuondoka Kenya. Alikwenda Somalia, alihudumu Merca, kwenye pwani hiyohiyo kaskazini mwa Kismayu, kisha Borama, ambako alipigwa risasi tarehe 5 Oktoba 2003. Mwaka 2001 alieleza Vatikani kwamba misa aliipata mara mbili kwa mwaka, askofu wa Djibouti alipomtembelea karibu na Krismasi na Pasaka.

Mtu atasema hiyo ni huduma, si tafakuri. Sikubali. Anayetazama kidonge kikimezwa, kwa subira ileile aliyokaa nayo peke yake alfajiri, hajabadilisha kazi. Pingamizi lenye uzito ni jingine. Tonelli alikuwa na pasipoti ya Italia, na kutohubiri alikuchagua mwenyewe. Msomali aliyemwamini Kristo akajificha hakuchagua chochote. Ukimya wake ni wa hofu, na hakuna askofu atakayemfikia wakati wa Pasaka. Foucauld na Tonelli hawatufundishi mengi juu ya sala ya mtu huyo, na wanateolojia wa Afrika Mashariki, wanaopenda kumsifu Tonelli, bado hawajaishughulikia inavyostahili.